UZI: Mtihani sanifu unapima uwezo wa mwanafunzi, au tunaudai kisichokuwemo?

Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, kila matokeo yakitoka mjadala ni ule ule. Upande mmoja: "mitihani haipimi akili." Upande wa pili: "waliofeli ndio wanaolalamika." Pande zote mbili zinaniacha na njaa. Hapa nataka tuufungue mtihani wenyewe kama fundi anavyofungua injini, tuone unafanyaje kazi na unaharibikia wapi.

Tuelewane kwanza kwenye neno. Sanifu si lazima uwe mgumu, wala wa kuchagua A, B, C, D. Maana yake masharti ni yale yale kwa kila mtahiniwa: maswali yale yale au yaliyolinganishwa uzito, muda ule ule, maelekezo yale yale, mwongozo mmoja wa kusahihisha. Insha inaweza kuwa sanifu. Na jaribio la Ijumaa lenye maswali 20 ya kuchagua linaweza lisiwe sanifu hata kidogo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mpate pa kunipigia: mtihani uliotungwa vizuri unapima kitu cha kweli, ila kitu hicho ni chembamba kuliko jina tunalokipa. Unaonyesha mwanafunzi huyu, siku hii, aliweza nini kwenye sampuli hii ya maswali. Neno "uwezo" tunalibandika sisi baadaye.

Swali la kuanzia: mmoja kapata 49, mwingine 51, alama ya kufaulu ni 50. Wanatofautiana nini?

Mizani

Hakuna tofauti unayoweza kuithibitisha. Nitaonyesha hesabu, maana watu wakisikia "alama zina makosa" wanadhani tunatafutia watu visingizio.

Kila alama ni kipimo, na kila kipimo kina ukungu wake. Ukubwa wa ukungu huo unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni mkengeuko wa alama, yaani zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Cha pili ni uthabiti wa mtihani, namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha alama zingebaki vile vile kiasi gani kama mtihani unaolingana na huo ungefanywa tena. Kanuni: toa uthabiti kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mkengeuko.

Mtihani wa alama 100, mkengeuko 12, uthabiti 0.91. Moja toa 0.91 ni 0.09, kipeuo chake 0.3, mara 12 ni 3.6. Ukitaka uhakika wa takriban asilimia 95, chukua 3.6 mara mbili kila upande, yaani kama 7. Kwa hiyo aliyepata 49, sema yuko kati ya 42 na 56. Wa 51 yuko kati ya 44 na 58. Karibu masafa yote yanaingiliana.

Ukilinganisha wanafunzi wawili ukungu unazidi, kwa sababu kila mmoja ana wake. Unazidisha 3.6 kwa 1.41, unapata kama 5.1. Maana yake kabla hujasema kwa uhakika ule ule kwamba huyu kamzidi yule, watofautiane mara mbili ya hiyo, alama 10 hivi. Na huo ni mtihani mzuri! Uthabiti ukishuka hadi 0.75, ukungu wa alama moja ni 6, na tofauti ya kuaminika inafika alama 17.

Chaki

Kwa hiyo mnakubali. Mtihani wenye ukungu wa alama 7 kila upande unaamua nani anaendelea na masomo na nani anabaki. Mimi sihitaji kusoma zaidi.

Mizani

Soma kidogo tu, Chaki. Ukungu ule ule ukiwa na mwanafunzi wa 30 na mwingine wa 75 hausumbui chochote. Tatizo linakaa kwenye ukanda mwembamba kuzunguka mstari wa kukata. Huko ndiko dhuluma inakopatikana, na kwa bahati mbaya alama ya kufaulu mara nyingi huwekwa karibu na katikati, penye msongamano wa watahiniwa.

Ongeza na hili: njia rahisi ya kupunguza ukungu ni kuongeza maswali. Kanuni ya Spearman na Brown ya mwaka 1910 inakupa hesabu. Maswali 40 yenye uthabiti 0.80 ukiyafanya 80 ya aina ile ile, uthabiti unapanda hadi 0.89. Ukiyakata yakabaki 20, unashuka hadi 0.67. Ukitaka 0.95 unahitaji maswali 190, na hapo unaanza kupima nani anastahimili kukaa kitini. Ndiyo maana jaribio la maswali 10 haliwezi kubeba uamuzi mzito, hata litungwe na malaika.

Pembe Tatu

Mmesahau kubahatisha. Maswali 40 yenye chaguo nne, asiyejua kitu anapata 10 kwa wastani. Huo si upimaji.

Mtunga Maswali

Anayebahatisha yote kufikisha 20 ni nadra, chini ya mmoja kati ya 1,000. Hatari ipo kwa anayejua nusu nusu. Chukua anayejua kwa hakika maswali 14 tu. Yamebaki 26, robo yake ni 6.5. Anatoka na 20 au 21, "amefaulu" kwa nusu ya mtihani akiwa anajua asilimia 35.

Kuna kanuni ya kurekebisha: majibu sahihi, toa majibu yaliyokosewa gawanya kwa idadi ya chaguo toa moja. Sahihi 20, kosa 20, chaguo nne: 20 toa 20 gawanya kwa 3, inabaki 13.3. Umerudi karibu na 14 ile ile. SAT, mtihani wa kuingilia chuo Marekani, ilikuwa ikikata robo alama kwa kila kosa kwenye maswali ya chaguo tano, na mwaka 2016 ikaacha. Adhabu ya namna hiyo ina kasoro yake: mwoga anaacha wazi hata swali analolijua kwa asilimia 60, jasiri anajaza. Unaanza kupima ujasiri. Mimi nachukua njia nyingine: usikate alama, waambie wote wajaze kila swali, kisha weka nguvu kwenye vipotoshi, yaani zile chaguo zisizo sahihi.

Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, ngoja niieleze maana wengi wanajadili mitihani bila kujua swali moja linapikwaje.

Kabla ya kutunga unachora jedwali la utahini. Mistari ni mada, safu ni ngazi ya fikra: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua. Kila kisanduku unakipangia idadi ya maswali kulingana na uzito wa mada kwenye muhtasari wa somo. Bila jedwali, mtungaji anaangukia kwenye kukumbuka, kwa sababu swali la "nini maana ya" linatungwa kwa dakika moja na la kuchambua linakula nusu saa. Anayesema mitihani inapima kukariri, mara nyingi analalamikia mtihani uliotungwa bila jedwali.

Kisha maswali yanajaribiwa kwa kundi la wanafunzi ambao hawatafanya mtihani wenyewe. Unapata namba mbili kwa kila swali. Ya kwanza ni wepesi: wangapi wamepata. Ya pili ni utofautishaji: panga watahiniwa kwa alama ya jumla, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini (asilimia hiyo ilipendekezwa na Truman Kelley mwaka 1939, na bado inatumika). Watahiniwa 200 wanakupa 54 juu na 54 chini. Swali wakilipata 45 wa juu na 18 wa chini: 45 toa 18, gawanya kwa 54, ni 0.50. Swali zuri sana. Chini ya 0.20 lirudi mezani. Likiwa hasi, yaani wanyonge wanalipata kuliko wenye nguvu, usihangaike na wanafunzi, nenda kakague jibu lako. Ama herufi ya jibu imeandikwa kimakosa, ama kuna chaguo mbili zilizo sahihi, ama swali lina mtego unaomnasa yule anayejua zaidi.

Vipotoshi navyo vinakaguliwa kimoja kimoja. Kisichochaguliwa na zaidi ya watahiniwa 5 kati ya 100 hakifanyi kazi. Swali lako la chaguo nne kwa kweli ni la chaguo tatu. Kipotoshi kizuri kinatokana na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli, hakibuniwi hewani. Na tazama makosa ya mkono wako mwenyewe: chaguo refu kuliko mengine huwa ndilo sahihi, "yote hapo juu" huwa ndilo sahihi, chaguo lenye "daima" au "kamwe" huwa si sahihi. Mwanafunzi aliyefundishwa mbinu anaokota alama hizo bila kufungua daftari la somo.

Darubini

Hapo kwenye vipotoshi kuna jambo la lugha ambalo linaumiza zaidi ya yote, na namba za Mtunga zinaweza zisilione.

Swali la hisabati:

"Mfanyabiashara mashuhuri aliyebobea katika usafirishaji wa shehena aliazimia kuwagawia mawakala wake 7 kwa usawa makasha 84 aliyokuwa nayo ghalani, isipokuwa 14 yaliyokwisha kuharibika. Je, kila wakala alipokea makasha mangapi?"

Jibu ni 10. Weka kipotoshi cha 12, ambacho ni 84 gawanya kwa 7. Anayechagua 12 utamwandikia "hajui hesabu za hatua mbili." Inawezekana anazijua vizuri sana ila neno "isipokuwa" limempita katikati ya sentensi ndefu. Andika tena:

"Kulikuwa na makasha 84. Makasha 14 yaliharibika. Yaliyobaki waligawiwa watu 7 kwa usawa. Kila mtu alipata makasha mangapi?"

Hesabu ni ile ile. Wape makundi mawili yaliyogawanywa kwa kura, moja toleo la kwanza, jingine la pili. Wakipishana, pengo hilo ni la lugha, halihusiani na hisabati. Wataalamu wa upimaji wanauita uchafu wa namna hii utofauti usiohusiana na kinachopimwa. Unaingia kwa milango mingi: lugha, mwandiko, kasi ya kusoma, kuzoea kompyuta, hata picha iliyochapishwa hafifu. Kila anayejifunza kwa lugha ya pili analipa kodi hii kwenye kila somo, na kwenye cheti inaandikwa kama udhaifu wa somo.

Chaki

Darubini umesema. Sasa kwa nini tusiachane na haya masanduku, turudi kwenye insha na maelezo? Mwalimu anayemsoma mwanafunzi anamjua kuliko mashine.

Mizani

Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walituma nakala za karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule za sekondari Marekani wasahihishe. Walimu 142. Karatasi moja ilipewa kuanzia 64 hadi 98, nyingine kuanzia 50 hadi 97. Karatasi ile ile! Watu wakasema Kiingereza kina maoni mengi, wakarudia na jiometri mwaka uliofuata, na mtawanyiko ukawa mkubwa zaidi.

Mwalimu anamjua mwanafunzi, ndiyo. Tatizo ni kwamba anamjua sana: mwandiko, tabia, kaka yake aliyepita darasa lile.

Mtunga Maswali

Insha inaweza kusahihishwa kwa haki, ila ina gharama zake. Mwongozo wenye vigezo vilivyotenganishwa (hoja, mpangilio, lugha), kila kigezo na maelezo ya kinachostahili alama 1, 2, 3. Wasahihishaji wafanye mazoezi kwa karatasi zile zile mpaka wakubaliane. Sahihisha swali la 1 kwenye karatasi zote, kisha swali la 2 kwenye zote. Ukimaliza karatasi nzima ya mtu mmoja, jibu lake zuri la kwanza linaipaka rangi ya pili. Changanya mpangilio wa karatasi kila swali, kwa sababu insha ya kawaida ikifuata mbovu sana inaonekana dhahabu. Wasahihishe wawili bila kuoneana alama. Wakipishana zaidi ya kiwango mlichoafikiana, mathalani alama 2 kati ya 20, inakwenda kwa wa tatu. Na kwenye rundo chomeka karatasi ambazo alama zake zilishakubaliwa, ili umwone msahihishaji anayelegea ifikapo saa kumi jioni.

Uchina ya kale waliliona hili mapema. Kwenye mitihani ya kuajiri maofisa, tangu enzi za Song, jina la mtahiniwa lilifunikwa na makarani wakanakili karatasi nzima upya ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Mitihani hiyo ikaja kufutwa mwaka 1905, lakini kile kifuniko cha jina bado tunakitumia.

Kalamu Nyekundu

Mwaka huo huo wa 1905 ndipo Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili huko Ufaransa. Shabaha ilikuwa kuwabaini watoto wanaohitaji msaada wa ziada shuleni. Kipimo hicho kilipovuka bahari kikageuzwa kuwa cha kuwapanga watu kwa ubora. Chombo kilikuwa kimoja na kazi zikawa mbili, ndiyo maana sipendi swali la "mtihani huu ni wa haki?" bila kuuliza haki kwa kazi gani.

Mfano hai ni PISA, upimaji wa kimataifa wa kulinganisha nchi, iliyoanza mwaka 2000 kwa wanafunzi wa miaka 15. Kila mwanafunzi anajibu sehemu tu ya maswali, na sehemu zinagawanywa ili zikijumlishwa zifunike eneo pana. Inafaa kuelezea nchi. Kumpa mtoto mmoja alama kutokana nayo ni kukosea, haikujengwa kwa hilo.

Pembe Tatu

Nirudi kwenye upendeleo. Kundi moja likiwa na wastani wa 60 na jingine 48, si ushahidi tosha kwamba mtihani una upendeleo?

Mizani

Hapana, na hapa ndipo wengi wanateleza. Pengo la wastani linaweza kutoka kwenye mtihani, na linaweza kutoka kwenye miaka kumi ya kukosa vitabu na walimu. Ukiangalia wastani peke yake huwezi kuvitenganisha.

Kinachofanyika ni kulinganisha watu wenye alama ya jumla sawa. Chukua wote waliopata kati ya 20 na 24 kwa jumla, kutoka makundi yote mawili. Swali la 17: kundi A, wamepata 80 kati ya 100. Kundi B, 55 kati ya 100. Hawa ni watu ambao mtihani wote unasema wanalingana, sasa kwa nini swali hili moja linawatenganisha? Uwiano kwa A ni 80 kwa 20, yaani 4. Kwa B ni 55 kwa 45, yaani 1.22. Gawanya, unapata 3.27. Unafanya hivyo kwa kila ngazi ya alama na kuunganisha kwa njia ya Mantel na Haenszel, iliyotokea kwenye takwimu za magonjwa mwaka 1959. Ukikokotoa logi asilia ya namba ya mwisho na kuizidisha kwa hasi 2.35, unapata kipimo kinachotumiwa na ETS, shirika la mitihani la Marekani: ukubwa wake ukiwa chini ya 1 swali linapita, ukipita 1.5 ni swali la kutilia shaka kubwa. Hapo kwetu, kama ngazi zote zingefanana na hii, ni hasi 2.79. Swali hilo lisikanyage chumba cha mtihani kabla ya jopo kulisoma na kuona kilichomo, mara nyingi ni muktadha ambao kundi moja linauishi na jingine linausikia tu.

Udhaifu wa njia hii nautaja mwenyewe kabla Chaki hajanirukia: unalinganisha kwa alama ya jumla ya mtihani ule ule. Kama maswali yote yamepinda upande mmoja kwa kiasi sawa, hakuna litakalojitokeza. Kwa upindo wa namna hiyo unahitaji ushahidi wa nje, kama kazi za baadaye za wanafunzi hao.

Chaki

Nilikuwa nimeshainua mguu. Sawa. Basi niongelee kukochiwa. Mwenye fedha ananunua mwalimu wa ziada, alama inapanda. Mmepima nini?

Darubini

Inategemea alama imepanda kwa njia gani. Akifundishwa sehemu ambazo hakuzijua, alama imepanda na ujuzi umepanda, hapo kipimo hakina kosa. Ukosefu wa usawa upo nje ya mtihani na mtihani umeuripoti. Akifundishwa kuruka chaguo lenye "daima" na kutabiri mada kwa kuangalia mitihani ya miaka mitano iliyopita, alama imepanda peke yake.

Unavitofautishaje? Wape mtihani mwingine wa somo lile lile wenye sura tofauti. Ujuzi wa kweli unahama nao, mbinu zinabaki nyuma. Na chanzo cha mbinu kukua ni mtihani unaotabirika: mada ile ile, swali la 5 kila mwaka. Shule zinaacha kufundisha kisichotokea. Donald Campbell aliliandika hilo miaka ya 1970, kwamba kipimo kikitumiwa kufanya maamuzi mazito ya kijamii, ndivyo kinavyozidi kuvutia uchakachuaji. Atlanta nchini Marekani ilifika mwisho wa njia hiyo: ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2011 ilitaja walimu na viongozi 178 katika shule 44, na mwaka 2015 watu 11 wakatiwa hatiani. Kilichowafichua ni alama za kufuta kwenye fomu za majibu. Mwanafunzi akifuta hubadilisha huku na huku. Pale, majibu yaliyofutwa yalikuwa yakitoka kosa kwenda sahihi kwa wingi usioelezeka.

Pembe Tatu

Kwa hiyo tufute tu mitihani, tutumie makadirio ya walimu.

Mizani

Uingereza ililazimika mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa ajili ya korona. Walimu walitoa makadirio ya madaraja na kuwapanga wanafunzi kwa foleni, wa kwanza hadi wa mwisho. Mamlaka ikaona makadirio yamepanda mno, ikayapitisha kwenye hesabu iliyoegemea matokeo ya shule miaka iliyopita. Kwa A-level, mitihani ya mwisho wa sekondari huko England, karibu asilimia 40 ya madaraja yalishushwa. Mwanafunzi hodari katika shule yenye historia mbaya alibanwa na waliomtangulia. Na kwa sababu takwimu za darasa dogo haziaminiki, madarasa ya watu wachache sana yaliachiwa makadirio ya mwalimu, na madarasa madogo yapo zaidi kwenye shule za kulipia. Agosti 17 ikarudishwa nyuma, makadirio ya walimu yakatumika.

Angalia kilichopotea pale: karatasi ambayo mwanafunzi angeweza kuiandika yeye mwenyewe na kuwaumbua wote.

Chaki

Hiyo hoja naimeza, ingawa haijanipendeza. Lakini wapo wanaosema alama za kuingilia chuo hazitabiri chochote mtu akishaingia.

Mizani

Ukichekecha unga, usishangae kwamba chembe zilizopita zinafanana ukubwa, halafu ukasema chekeche halikuchekecha kitu. Chuo kikichukua waliopata juu kabisa, ndani yake tofauti za alama zimebaki ndogo, na uhusiano na matokeo ya chuo lazima uonekane hafifu. Waliokataliwa hawana matokeo ya chuo ya kulinganisha. Kuna kanuni za kusahihisha hilo, na bila kuzitumia namba hiyo inadanganya.

Vyuo vyenyewe havijaafikiana. Bodi ya University of California iliamua mwezi Mei 2020 kuachana na SAT hatua kwa hatua. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, iliisimamisha wakati wa korona, kisha mwaka 2022 ikairudisha, ikisema inasaidia kuwatambua wanaoweza hisabati wakati shule zao hazikuwa na kozi za juu za kuonyesha.

Darubini

Muda mmeuruka. Kama kasi si sehemu ya somo, mtihani usiwe mbio. Kipimo cha zamani na rahisi: karibu wote wafikie robo tatu ya maswali, na angalau asilimia 80 wafike swali la mwisho. Hesabu maswali yaliyoachwa wazi mfululizo mwishoni mwa karatasi; yakiwa mengi, maswali ya mwisho yamepima saa ya ukutani. Muda wa ziada kwa wenye ulemavu wa kuona au matatizo ya kusoma, ambao mara nyingi ni asilimia 25 hadi 50, unazua ugomvi mdogo sana kwenye mtihani ambao wengine nao wanaumaliza.

Kalamu Nyekundu

Sasa hiyo 50 inatoka wapi? Nani aliamua?

Mtunga Maswali

Mara nyingi hakuna aliyeamua, ni mazoea ya namba nzima. Njia inayojulikana zaidi ya kuamua kwa hoja inaitwa ya Angoff, tangu 1971. Unaita jopo la watu kama 10 wanaolijua somo. Kwanza wanaelewana kwa maandishi mtahiniwa aliye mpakani ni wa namna gani, yule anayestahili kupita kwa unywele. Kila swali wanakadiria: kati ya 100 wa namna hiyo, wangapi watapata? Unajumlisha. Maswali 40 yenye wastani wa 0.55 yanakupa mstari wa 22. Duru ya pili unawaonyesha wangapi walipata kila swali kwenye majaribio, wanarekebisha.

Linaloharibika: wajumbe wanasahau mtu wa mpakani na kumfikiria mwanafunzi wa wastani, na anayejua jibu huliona swali jepesi. Wakikadiria juu mno, mstari unapaa.

Na mstari wa mwaka jana hauhami hivi hivi. Karatasi mbili za miaka miwili zinaunganishwa kwa maswali ya nanga, kama asilimia 20 ya mtihani, yanayojirudia kwa siri. Nanga ikileta wastani ule ule miaka yote miwili lakini mtihani mzima ukashuka kutoka 60 hadi 54, karatasi ya mwaka huu ilikuwa ngumu zaidi na mstari ushuke nayo. Maswali ya nanga yakivuja, kila kitu hapo kimekwisha.

Kalamu Nyekundu

Basi nirudi kwa wale wawili wangu, 49 na 51. Mtu mwenye karatasi hizo mkononi afanye nini?

Mtunga Maswali

Chukua ukungu wa Mizani, 3.6. Toa karatasi zote kuanzia 46 hadi 54, zisahihishwe upya na mtu asiyeona alama za kwanza. Zote, za chini na za juu ya mstari. Ukirudia za 46 hadi 49 peke yake, makosa yatasahihishwa kwa kupandisha tu, na aliyepewa 51 kimakosa anabaki salama.

Kisha waliobaki kwenye ukanda wape karatasi ya pili, maswali mengine, jedwali lile lile. Unganisha alama mbili, usichukue iliyo kubwa. Mitihani miwili ya urefu sawa ikiunganishwa, ukungu wa 3.6 unashuka hadi 2.5.

Chaki

Na wa 51 akishuka chini ya 50 baada ya kurudiwa?

Mtunga Maswali

Anashuka, au hashushwi mtu. Chagua moja, uiandike na kuibandika ukutani kabla bahasha haijafunguliwa, wakati bado hujui 51 ni ya nani.